Usikate Upande Wenye Rangi

Mlango wa sebule yangu hapa Kayole hujibamiza wenyewe upepo ukivuma, kwa hivyo nimeuwekea kipande cha chuma kuuzuia. Ni kipande cha mviringo, kifupi kuliko kiganja changu, na upande mmoja kimepakwa rangi ya kijani. Juzi mmoja wenu, kijana wa chuo cha ufundi aliyekuja kuniuliza habari za kazi, alijikwaa nacho akasema, "Shosh, si utupe hii skrapa?" Nilimwambia akae chini. Niliyomweleza siku hiyo nimeona niwaandikie nyote mnaoanza kazi ya vyuma, maana nawaona mkinunua chuma bila kukiuliza kimetoka wapi.

Jina langu ni Syombua. Nilifanya kazi ya kukereza vyuma miaka ishirini na ushei, katika karakana moja ya eneo la viwanda, mwendo wa miguu kutoka Donholm. Nilikuwa mwanamke peke yangu kwenye mashine. Choo cha wanawake hakikuwapo hadi mwaka wa tatu, na nilikipata kwa kelele. Hilo silo la leo, lakini lishikeni, kwa sababu mtu aliyezoea kupigania vitu vidogo hupata kiburi, na kiburi changu ndicho kilichonipeleka nitakakowapeleka.

Baba yangu alikuwa mchongaji wa vinyago huko Ukambani. Sisi wasichana hatukupewa tezo. Kazi yetu ilikuwa kusugua kwa msasa na kung'arisha, na kwa vinyago vingine, Mungu amsamehe baba, kupaka rangi nyeusi ya viatu ili mti wa bei rahisi ujifanye mpingo. Kwa hivyo nilikuja Nairobi vidole vyangu vikijua tofauti ya kitu na kinachojifanya hicho kitu. Nilidhani chuma hakiwezi kunidanganya.

Aliyeniajiri ni Mzee Barasa, msimamizi wa karakana, Mbukusu mrefu aliyevaa ovaroli iliyopigwa pasi hata siku ya Jumamosi. Hakuuliza cheti. Alinipa vipande viwili vya chuma na nyundo ndogo, akaniambia nifumbe macho, nigonge kimoja kisha kingine.

"Kipi kigumu?" akauliza.

Nikamwambia hiki cha kushoto, kinalia kwa muda mrefu zaidi.

"Basi njoo Jumatatu. Na hizo mikono za sweta ukate, mashine ikishika sweta haibishi hodi."

Nilikata mikono ya sweta. Wiki ya kwanza nikavunja tepu, kile chombo cha kukatia nyuzi za skrubu, ndani ya tundu la kazi ya watu. Tepu ni ngumu kuliko chuma kinachoishika, na ikivunjika ndani haitobolewi kwa drili yoyote tuliyokuwa nayo. Nilikaa siku nzima nikiitoa punje kwa punje kwa msumari wa chuma kigumu, huku Odhiambo, aliyekuwa mashine ya pili, akiniimbia nyimbo za matanga. Nyinyi sikilizeni hili: tepu ikianza kulia, rudisha nyuma nusu mzunguko, tia mafuta, vuta pumzi. Haraka ya dakika mbili ilinilia siku nzima.

Barasa alinifundisha kazi kwa kuniuliza maswali. Angesimama nyuma yangu na kuuliza, "Inasema nini?" Akimaanisha mashine. Chuma kizuri, kile kigumu kinachotumika penye kazi nzito, hukataa kukatwa. Kisu chako kinapata moto, taka zinazoruka ni fupi na za buluu, na sauti ni ya mtu anayesaga meno. Chuma laini hutoka nyuzi ndefu za fedha zinazojisokota hadi sakafuni, na kisu kinapita kama kinakata sabuni. Kwa hivyo taka zilizo chini ya mashine yako ni barua. Barasa alizisoma kila alasiri kabla hazijafagiliwa. Mimi nilidhani ni mzee anayependa usafi.

Miaka hiyo ya tisini vyuma viliingia mjini kutoka kila mahali. Kabla ya hapo tulikuwa tukipata chuma kwa mtu mmoja na tunamjua. Sasa kila duka lilikuwa na chuma, na kila muuzaji aliapa kwa jina la mama yake. Kuna mmoja wa Kariobangi aliyetuuzia ekseli aliyosema ni ya lori la Ujerumani. Barasa akaigusisha kwenye jiwe la grainda, akatazama cheche, akamuuliza, "Hilo lori lilikuwa linabeba nini, mikate?" Cheche za chuma kigumu hupasuka matawi mengi mafupi. Za chuma laini huenda ndefu, moja moja, bila fujo. Yule bwana alibeba ekseli yake akaenda.

Sasa kwa sababu hiyo kulikuwa na sheria moja ukutani, imeandikwa kwa brashi na Barasa mwenyewe: USIKATE UPANDE WENYE RANGI. Fimbo ya chuma ikitoka kiwandani hupakwa rangi upande mmoja kuonyesha ni chuma cha aina gani. Rangi hiyo ndiyo jina lake. Ukikata kipande cha kazi, unakata upande usio na rangi, ili kinachobaki kiendelee kujulikana. Ukikata upande wenye rangi, umeacha fimbo isiyo na jina, na vyuma visivyo na jina vinafanana vyote, viwe vya kuzuia geti au vya kushikilia roho ya mtu.

Ndipo akaja Bwana Ndegwa. Huyu alikuwa fundi wa bunduki mwenye kibali, duka lake liko mjini, na alikuja na makaratasi ya serikali yaliyopigwa mihuri mpaka hayasomeki. Alikuwa akitengeneza bunduki za askari wanaolinda wanyama na mashamba huko kaskazini. Zilikuwa bunduki za zamani na vipuri vyake vilikuwa vimeacha kuja. Kilichokuwa kikimsumbua ni kidude kimoja kidogo ambacho yeye alikiita kucha. Askari akipiga risasi, ganda tupu hubaki ndani, na kucha ndiyo inayolishika ganda na kulivuta nje ili risasi nyingine iingie. Kucha ikiwa laini inajikunja, ganda linakwama, na yule askari anabaki ameshika fimbo.

"Na mbele yake kuna nyati," Ndegwa akasema. "Nyati hangoji."

Alitaka kucha thelathini. Fimbo ya chuma alileta mwenyewe, ya chuma kile cha hasira, chenye kupinda kidogo na kurudi, na upande mmoja ilikuwa ya kijani. Kazi nikapewa mimi. Nasema kwa fahari: nilipewa kwa sababu nilikuwa bora kwa kazi ndogo ndogo. Odhiambo alinuna siku mbili.

Wanangu, chuma kile kilinitesa. Nilinoa visu mara nyingi kwa siku kuliko nilivyokunywa maji. Kucha tatu kwa siku, nne nikibahatika. Moja nilikuwa nimeimaliza, nikaikwaruza mara ya mwisho, ikaruka ikapotea chini ya kabati, na mpaka leo sijaiona. Nilizitengeneza kumi na nane nikiwa nimechoka hadi kwenye mizizi ya nywele.

Ijumaa, kabla ya mbili za mwisho za hizo kumi na nane, nilihitaji kukata kipande kingine. Fimbo ilikuwa kwenye rafu, na upande wa kijani ndio uliokuwa umeelekea msumeno. Kuigeuza kulihitaji watu wawili, maana ilikuwa ndefu na karakana ilikuwa finyu. Wiki ile ile nilikuwa nimeomba msaada wa kuinua kitu, na Odhiambo akapiga makofi akisema, "Maze, njooni, mama amekwama!" Kila mtu alicheka. Basi siku hiyo sikuomba. Barasa alikuwa amesafiri Bungoma kwa mazishi ya shemeji yake. Nikatazama maandishi ukutani, nikajiambia nitapaka rangi upya baadaye, nikakata upande wa kijani. Kisha nikaitwa kupokea mzigo mlangoni. Kupaka rangi nikasahau.

Jumatatu nilipoingia kulikuwa na fimbo mbili kwenye rafu ile, unene mmoja, zote bila rangi. Moja ilikuwa yangu. Nyingine ililetwa kwa kazi ya pini za mageti. Nilichukua moja bila hata kufikiri kwamba nilikuwa nikichagua.

Na siku hiyo kazi ilikuwa tamu. Kisu kilipita. Sauti ilikuwa nyororo, nyuzi za fedha zinamiminika chini, kucha sita kabla ya chakula cha mchana! Odhiambo mwenyewe alisimama akatazama.

"Sasa Syombua, leo umewaka. Umekula nini?"

"Nimeshaijua," nikamwambia. "Ilikuwa inanijaribu tu."

Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo huu. Niliamini mikono yangu ilikuwa imefuzu. Zile kumi na mbili zilizobaki zikaisha siku mbili, mdosi, mwenye karakana, akatununulia soda sote, na kucha thelathini zikaenda kwa Ndegwa zikiwa zimefungwa kwenye gazeti. Kuzichoma na kuzizimisha kwenye oili ili zikomae ilikuwa kazi yake mwenyewe.

Barasa alirudi wiki iliyofuata. Hakusimulia habari za mazishi wala hakusalimu vizuri. Alikuwa amesimama kwenye pipa la taka nje ya mlango, ameshika uzi mrefu wa fedha, anauvuta polepole kama mtu anayetoa uzi kwenye shati lake.

"Binti, hii ni ya kazi gani?"

"Ya kucha, Mzee."

Aliutazama ule uzi, akanitazama mimi, na hapo nikajua. Hakuna aliyenieleza. Mtoto wa mchongaji aliyepaka mti rangi ya viatu, nilikuwa nimefanya yale yale, na mimi sikupata hata faida ya kujua kwamba nadanganya.

Tulikwenda kwa mdosi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na siku hiyo yalikuwa machache zaidi. "Mteja amelalamika?" Hajalalamika. "Basi rudini kazini."

Barasa hakubishana naye. Alitoka nje, akaegemea mlango, akangoja. Nilikasirika naye siku hiyo, nilitaka aamue yeye, nipate mtu wa kumlaumu. Hakuamua. Baadaye sana nilielewa kwamba alikuwa ameshaamua lake, alitaka kuona langu.

Nilivua ovaroli. Nikaweka tupa kwenye mkoba, ile tupa ndogo ya meno laini, nikamwambia mdosi kupitia mlango uliokuwa wazi, "Naenda kwa Bwana Ndegwa. Kama ni kufutwa nitakuta barua yangu nikirudi." Nikatoka. Nyuma yangu nikasikia viatu vya Barasa.

Ndegwa alitusikiliza amesimama. Nilipomaliza alipiga meza ngumi, vikombe vikaruka.

"Mimi nilipima! Nilipima moja, ya juu kabisa, ikawa sawa!"

Ya juu ilikuwa ya zile kumi na nane. Kwake, kama kwa mafundi wote siku hizo, moja ikiwa nzuri basi zote ni nzuri, maana zimetoka fimbo moja. Alileta boksi. Zilikuwamo ishirini na sita. Nikatoa tupa, nikapitisha kwenye kila moja. Kwa chuma kilichokomaa tupa huteleza, inakwaruza kidogo tu. Kwa chuma laini, ambacho hakikomai hata kikichomwa, inauma, na unaisikia ikiuma hadi kwenye kiwiko. Niliweka nzuri kulia na mbaya kushoto. Kushoto zilikuwa kumi.

Kumi na mbili kutoa kumi. Hesabu ya mtoto wa nasari.

"Nne nimeshafunga kwenye bunduki," Ndegwa akasema kwa sauti ndogo. "Ziko kambini. Mbili kati ya hizo ni za zile laini."

Alipiga simu kwenye ofisi iliyokuwa na redio ya kuongea na kambi. Wakamwambia askari wako doria, ujumbe utaachwa. Nilimuuliza ni doria ya siku ngapi. Akasema inategemea.

Tukarudi karakana. Barasa aligusisha fimbo zote mbili kwenye jiwe la grainda, kwa zamu, na mimi nikatazama cheche kwa macho yaliyojaa machozi na hasira. Ya kwanza ilipasuka matawi. "Hii," nikasema. Akaniambia niseme mara mbili. "Hii, Mzee!" Akaniletea mkebe wa rangi ya kijani na brashi, nikaipaka upande mmoja mwenyewe, nikageuka nikamwita Odhiambo.

"Njoo unisaidie kuigeuza. Peke yangu siwezi."

Alikuja. Hakucheka. Nikakata upande usio na rangi na nikatengeneza kucha nne za kwanza, maana zile nzuri za boksi zilikuwa zimeshaahidiwa kambi nyingine, mbili kwa siku, kwa chuma kile kile kichungu, na kila kikizomea niliona raha. Ndegwa akazikomaza. Nikazipima zote nne kwa tupa, si moja. Watoto wangu nikawaacha kwa jirani yangu wa ploti, na alfajiri ya Alhamisi nikapanda pikapu ya Ndegwa kwenda kaskazini. Ndegwa alisema si lazima niende. Nilimwambia ni lazima.

Njia nzima nilikuwa naona nyati. Nilikuwa sijawahi kumwona nyati ila kwenye kalenda, lakini nilimwona huyo vizuri sana.

Kambi ilikuwa vibanda vichache na bendera. Doria ilikuwa imerudi jana yake, na nilihesabu wanaume waliokuwa wamekaa kivulini kabla sijashuka, ingawa sikujua walitakiwa kuwa wangapi. Mkuu wa kambi alitupokea vizuri, ingawa ujumbe wetu wa redio haukuwa umemfikia. Akasema bunduki tatu ziko sawa, ila ya nne ilileta aibu. Siku tatu nyuma, wakiwa doria, askari mmoja, Saruni, alipiga risasi hewani kuwafukuza ndovu kwenye mahindi ya watu, ganda likakwama, akashindwa kupiga ya pili. Wenzake waliwafukuza ndovu, lakini mahindi yalikuwa yameshakwenda.

"Uchafu," mkuu akasema. "Hasafishi bunduki. Nimemnyang'anya silaha, nimeandika barua arudishwe makao makuu. Watamfuta."

Ndegwa alinitazama. Angeweza kuikagua bunduki, akabadilisha kucha, akasema imerekebishwa, tukanywa chai tukaenda. Nadhani angenikubalia. Nikasema, "Afande, naomba umwite."

Saruni alikuja. Alikuwa mtu mzima, ana mvi kidogo, amevaa sare bila mkanda. Alisimama wima mbele ya mkuu wake lakini macho yalikuwa chini. Nikamwomba Ndegwa afungue bunduki, akatoa kucha, akaniwekea mkononi. Ilikuwa imejikunja. Ilikuwa kazi safi, vipimo safi, nimeing'arisha vizuri sana.

Nikapitisha tupa mbele yao wote. Ikauma.

"Afande, bunduki haikuwa chafu," nikasema. "Hii nimeitengeneza mimi, kwa chuma kisichofaa. Nilikata upande ambao sikutakiwa kukata kwa sababu niliona aibu kuomba msaada. Na chuma kilipokuwa rahisi nilifurahi badala ya kuuliza. Huyu hana kosa lolote. Kama kuna barua ya kuandikwa, iandikwe jina langu."

Mkuu alichukua kile kipande akakigeuza geuza. Saruni alikuwa ameinua macho, lakini hakunitazama mimi, alitazama ile kucha.

"Mama," akaniuliza taratibu, "kwa hivyo nilikuwa naisafisha vizuri?"

"Ulikuwa unaisafisha vizuri."

Aligeuka akatazama pembeni muda mrefu, na mabega yake yakashuka. Alikuwa amekaa siku tatu akiamini wenzake, akiamini amezeeka, kwamba mikono yake imesahau. Mkuu aliichana ile barua hapo hapo na kumrudishia mkanda. Ile kucha laini ya pili tuliikuta kwenye bunduki ya mwingine, haijapigwa risasi hata moja, na zote nne tukabadilisha kabla ya chai.

Nilirudi nikakuta barua kweli. Onyo, si kufutwa. Ninayo mpaka leo pamoja na cheti cha ubatizo. Ndegwa aliendelea kuleta kazi, na kila mara alisema apewe yule mama anayepima zote.

Fimbo ile ya kijani ilinitumikia miaka. Kila nilipohitaji chuma hicho nilimwita mtu tuigeuze, awe yeyote, hata wale walioajiriwa jana, na nikakata upande usio na rangi. Mwaka hadi mwaka ikawa fupi, mpaka siku moja ikabaki sehemu ambayo haikatiki tena, rangi tupu na inchi chache za chuma. Barasa alikuwa ameshastaafu. Nikaitia kwenye mkoba nikaja nayo nyumbani.

Mna mashine za kompyuta sasa, na vyuma vinakuja na karatasi ya kubandika. Karatasi hubanduka, wanangu. Kwa hivyo kijana wa chuo aliponiambia nitupe skrapa, nilimpa tupa akaipitishe. Ikateleza kidogo, ikauma kidogo, kama inavyotakiwa kwa chuma hicho kabla hakijachomwa. Kisha nikamwambia airudishe palepale mlangoni, upande wa kijani ukitazama juu.